Kuikimbiza Kadi Msimu wa Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na Shangazi amefika nayo. Alishuka kwenye gari na cherehani, mabegi mawili na beseni lililojaa vitambaa, akasema paa lake limeshindwa kazi, na fundi wa mabati hapandi juu mpaka mvua iishe, kwa hiyo atakaa nasi kidogo tu. Mama alifurahi sana. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na mawifi hao wakikutana hucheka mpaka wanashikana mabega wasianguke. Mimi nilibeba cherehani. Nilipouliza niiweke wapi, Mama alinyoosha kidole kwenye chumba changu cha kazi.

Chumba chenyewe kina meza moja, kompyuta moja na dirisha moja. Kuanzia leo kina pia mtu anayeimba akitunga uzi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Vumbi la pamba kila mahali.

Jumapili, 9 Machi

Niandike wazi ninachokitaka, ili nikianza kujidanganya nipate pa kurudia.

Kuna kampuni ndogo ya katuni inayochukua mwanagenzi mmoja mwaka huu. Anayeomba anatuma filamu fupi aliyoitengeneza mwenyewe, mwisho tarehe tisa Mei. Nina shahada ya hesabu, ambayo mpaka sasa imenipa wanafunzi wa tuisheni wa kuzungukia majumbani kila mchana. Katuni nimejifundisha mwenyewe, miaka mitatu, bila kumwambia mtu mpaka nilipokuwa na kitu cha kuonyesha. Mama amenivumilia. Lakini rafiki yake wa benki amenishikia nafasi mpaka katikati ya Mei, na nimempa Mama neno langu: nikikosa katuni, naenda benki. Sina ubaya na benki. Najua tu kwamba nikikaa kwenye kile kiti nitakuwa mtu mzuri sana wa kukaa kwenye kile kiti, na sitanyanyuka tena.

Filamu yangu ni ya dakika tatu: mwanamke anashona katika chumba kinachovuja, na kila akihamisha cherehani, tone linamfuata. Niliiwaza mwaka jana. Shangazi alipotusimulia mezani jinsi alivyokuwa akiikimbiza cherehani yake huku na huku chini ya paa bovu, nilikasirika kana kwamba ameniibia.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga hesabu. Filamu ni maelfu ya picha zinazofuatana, na kila picha, yaani fremu, kompyuta inaichora peke yake, mwanga na kivuli na yote. Anayefanya kazi hiyo ni kadi ya picha, ile iliyokaa ndani ya kompyuta na feni zake mbili. Kwa mwendo wake wa sasa kadi yangu itamaliza kuchora siku sita baada ya tarehe ya mwisho.

Nimerudia hesabu mara tatu. Nina shahada ya jambo hili. Siku sita.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia binamu yangu wa upande wa Mama, aliyeniuzia kadi hii kwenye duka lao la kompyuta. Tunamwita Turbo, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kuharakisha kitu. Alisikiliza, akamhudumia mteja mmoja mpaka mwisho, kisha akasema kadi inaweza kukimbizwa zaidi ya mwendo iliyotoka nao kiwandani. Watu wanafanya. Watu pia wanaua kadi zao. Atakuja Jumamosi, na mpaka hapo nisiguse kitu.

Sikugusa kitu. Nilisoma mpaka macho yakauma.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzima na Turbo, na katika siku hiyo nzima tumefanya kazi ambayo mtu mwingine angeifanya kabla ya chai.

Kwanza alifungua kasha la kompyuta, akatazama ndani, akamtazama Shangazi. Feni za kadi zilikuwa zimevaa manyoya. Aliyatoa kwa brashi ya rangi, polepole, akisema kadi yenye vumbi haikimbizwi, inasafishwa. Kisha akakagua kama kisanduku cha umeme cha kompyuta kina nguvu ya kutosha, maana kadi ikikimbia inakula umeme zaidi. Kisha akaniambia niandike namba zote za kiwandani kabla ya kubadili hata moja. Halafu tukaipa kadi kazi nzito kwa mwendo wake wa kawaida, nusu saa, ili tujue joto lake la kawaida ni lipi. Nyuzi sabini na moja.

"Usipojua alivyo akiwa mzima," alisema, "utajuaje akiumwa?"

Nikamuuliza kwa nini kiwanda kisiipe kadi mwendo wote inaouweza. Alisema kiwanda kinatoa kadi kwa maelfu, na mwendo kinaouandika ni ule ambao hata iliyo dhaifu kuliko zote itaumudu. Yangu huenda si dhaifu. Hatuilazimishi, tunaiuliza.

Basi tukaiuliza. Kwenye programu kuna kistari cha mwendo wa chipu, ubongo wa kadi. Tulikisogeza kidogo, megahezi ishirini na tano, tukaipa kazi nzito, tukanywa chai. Kikombe kikiisha ndipo tunaangalia joto na kutazama kama picha ina kasoro. Hakuna. Tunasogeza tena, tunachemsha tena. Volti alinikataza hata kuitazama. Huko ndiko wanakoulia kadi zao, alisema, na mtu anayeanza hana shughuli huko.

Shangazi alifuata yote kutoka kwenye cherehani. Jioni akamuuliza Turbo kama ameoa. Turbo akasema bado. Shangazi akasema anaelewa.

Jumapili, 16 Machi

Leo kadi ilikataa. Tulikuwa tumesogeza kistari mara saba, kila kitu sawa, ghafla skrini ikawa nyeusi na feni zikavuma kama zinataka kuondoka. Nilishika meza. Nilikiona kile kiti cha benki, hata rangi ya mto wake.

Turbo alimaliza chai yake. Alibonyeza kitufe cha kuzima, akahesabu kidogo kichwani, akawasha. Kompyuta iliamka ikiwa imesahau kila tulichoifanyia, na kadi iko kwenye mwendo wake wa kiwandani, nzima.

"Sasa tumeujua mpaka wake," alisema. "Turudi nyuma hatua mbili, tukae hapo."

Tukarudi hatua mbili. Kumbukumbu ya kadi, inakoweka picha inapochora, nayo tuliipandisha mwendo kidogo sana, kwa namna ileile. Feni tukazipangia zianze kuzunguka mapema. Nilipojaribu fremu moja ya filamu yangu, ilitoka haraka kuliko awali kwa karibu asilimia kumi na tano. Nikapiga hesabu. Tarehe saba Mei. Siku mbili kabla.

Nilicheka peke yangu. Shangazi akacheka pia bila kujua tunachekea nini, na hilo liliniudhi, na sasa nikiandika najiuliza kwa nini.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi imeanza. Nimeiacha kadi ichore usiku na mchana. Nimemwambia Shangazi asiiguse kompyuta kwa namna yoyote, wala meza, wala waya. Huenda nilisema kwa ukali. Alisema, "Nimesikia, mwanangu," akashusha macho kwenye uzi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua siku ya tano mfululizo. Hakuna kinachokauka nyumbani. Taulo zinanuka. Shangazi ana tabia ya kuloweka kila kitambaa cha pamba kabla ya kukikata. Anasema kama kitambaa kina nia ya kurudi ndani, kirudi mikononi mwake, kisirudi mwilini mwa mteja. Kwa hiyo nyumba yetu ina mvua nje na mabeseni ndani, na shule zinataka sare zao za kwanza mwisho wa mwezi.

Jumanne, 25 Machi

Kuna jambo. Programu huchora mstari wa joto la kadi kwa siku nzima. Asubuhi, nikiwa nimekaa hapa, mstari umelala kwenye sabini na tatu. Mchana nikiwa tuisheni, unapanda mpaka themanini na saba, na kadi, kwa kujilinda, inapunguza mwendo yenyewe. Kabla sijarudi, unashuka. Nikiingia mlangoni kila kitu ni shwari kama uso wa mtoto aliyevunja kikombe.

Alhamisi, 27 Machi

Themanini na nane. Nilipunguza hatua moja kabla ya kutoka. Haikusaidia.

Ijumaa, 28 Machi

Mchana wa leo kadi iliganda kabisa. Fremu kwa bahati zinahifadhiwa mojamoja, hivyo nilipoteza moja tu, lakini saa zote za mchana zimekwenda bure. Kwa mwendo huu namaliza tarehe kumi na mbili Mei.

Joto la mchana? Hakuna joto la mchana, tunavaa masweta. Shangazi anafunga dirisha? Nilimuuliza. Alisema dirisha hajalifunga, na akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 29 Machi

Nimempigia Turbo, nikamwambia maneno ambayo leo sitayaandika yote. Kwamba kadi aliyoniuzia imechoka. Kwamba alijua. Kwamba mtu asiye na haraka hajui thamani ya siku za mwenzake. Hakujitetea. Aliniuliza tu kama nimeangalia nyuma ya kasha, panapotokea hewa ya moto. Nikamwambia nyuma ya kasha kuna ukuta, na ukuta haujahama.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika taratibu, kwa kuwa bado nacheka na aibu haijaisha.

Mwanafunzi wangu wa pili ana mafua, hivyo nilirudi mapema. Mvua ilikuwa kubwa na hakuna aliyenisikia nikiingia. Shangazi alikuwa ameinama nyuma ya meza yangu, vibanio vya nguo mdomoni. Nyuma ya kompyuta, kwenye matundu ambako hewa ya moto hutoka, zilikuwa zimening'inia kola za mashati ya shule, safu baada ya safu, zimebanwa kwa ustadi kwenye kingo za kasha, na juu yake mfuko mmoja wa suruali. Matundu yote yalikuwa yamezibwa. Kadi yangu ilikuwa inapumua ndani ya kola mbichi.

Tulitazamana. Alitoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja, labda apate muda.

"Uliniambia nisiiguse," alisema. "Sijaigusa, mwanangu. Nimeitundikia tu."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki zote, nilikuwa nimeziweka tayari tangu tarehe tatu Machi. Lakini alikuwa amesimama pale kama mtoto, na kola zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, na nikaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba amekuwa akingoja niondoke kila siku kwa sababu ananiogopa, na kwamba kila siku alizitoa kabla sijarudi ili nikute meza yangu safi. Nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Shangazi akamweleza. Mama akakaa sakafuni pia.

Tukiwa bado chini, Shangazi aliniambia kwamba upepo ule ni mzuri kuliko pasi, kwa kuwa haukunji kitambaa, na kwamba tangu kadi ianze kukimbizwa kola zinakauka haraka zaidi. Ndiye mtu wa kwanza kuisifia kazi yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda dukani kwa Turbo kumwomba radhi ana kwa ana. Nilimweleza kuhusu kola. Alifikiri, akauliza zilikuwa kola ngapi. Nikamwambia. Akasema kadi iliyofanya kazi chini ya kola zote hizo bila kufa ni kadi nzima sana. Akarudi kwenye kazi yake, na nadhani huo ndio ulikuwa msamaha.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga kamba. Iko hatua mbili nyuma ya kasha, baada ya kuisogeza meza mbali na ukuta, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Hewa inatoka bila kizuizi, inafika kwenye kola ikiwa bado na uvuguvugu. Joto la kadi sabini na mbili mchana kutwa. Kola zinakauka kwa kuchelewa kidogo tu. Shangazi ameridhika. Mimi pia.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemfundisha Shangazi kusoma namba ya joto kwenye kona ya skrini. Nilimwambia ikifika themanini anipigie. Leo nikiwa katikati ya milinganyo na mwanafunzi, simu ikaita. "Mtoto ana sabini na nne," alisema, kwa sauti ya chini ya mtu aliye wodini. Nikamwambia sabini na nne ni kawaida. Akasema anajua, alitaka tu nijue. Mwanafunzi akanitazama kwa heshima mpya na kuniuliza kama mtoto wangu atapona.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtoto ana sabini na tatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Namaliza tarehe tisa yenyewe kwa mwendo huu, kwa sababu ya siku nilizopoteza. Hakuna nafasi ya umeme kukatika hata jioni moja. Leo, bila kumwambia Turbo, nimepandisha kumbukumbu ya kadi. Si kidogo kama tulivyofanya pamoja. Nilisukuma kistari, nikatazama dakika chache, hakuna kilichoganda, nikasukuma tena. Nimepata siku nzima moja na zaidi. Chumba ni baridi, joto zuri. Nadhani naielewa kadi hii sasa.

Shangazi aliuliza kama imeongezwa. Nikasema kidogo. Akaleta suruali nzito.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeanza kumtazama anavyofanya kazi. Anapotunga uzi hatazami sindano. Anaitazama kwa pembeni, kama mtu anayemvizia kuku. Mwanamke wangu kwenye filamu anatunga uzi kama mtu aliyesoma jinsi ya kutunga uzi. Sehemu hiyo haijachorwa bado. Nimeibadilisha usiku mzima kuanzia mabegani. Sasa anavizia.

Jumatatu, 21 Aprili

Shangazi anazungumza na vitu. Anaigombeza cherehani, anaubembeleza mkasi, anavitukana vifungo kwa majina ya watu ambao nadhani waliwahi kumchumbia. Mwezi uliopita hili lilinifanya niume meno. Leo nilizima muziki nisikie.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua limetoka. Sote tulitoka nje kulitazama kama wajinga, na Shangazi akatandaza vitambaa vyake kila mahali, mpaka juu ya ua wa jirani. Mchana chumba changu kilikuwa cha moto. Nilirudi nikakuta joto la kadi themanini na moja, na Shangazi ameipepea kwa kadibodi tangu alipoiona themanini. Hakunipigia kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Hilo si tatizo. Tatizo ni hili: nilifungua fremu za leo nione, na kwenye uso wa mwanamke wangu kulikuwa na vidoti vya kijani. Vitatu, vinne. Fremu nyingine, kwenye ukuta. Nyingine, safi. Nyingine, vidoti kwenye paji la uso, kama ana tetekuwanga. Nilirudi nyuma kwenye fremu za wiki nzima. Vidoti vipo tangu tarehe kumi na nne, vichache, vya kujificha, kisha vinaongezeka kadiri mvua inavyopungua. Kadi haikuganda. Iliendelea kuchora kwa utii, ikikosea, na mimi sikutazama kwa sababu nilikuwa natazama tarehe.

Nimempigia Turbo. Nilimwambia nilichofanya kabla hajauliza. Alisema kumbukumbu ikizidishwa mara nyingi haipigi kelele, inatia doa tu, ndiyo sababu ya kunywa chai yote. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua: kipimo tulichokichukua kilikuwa cha siku za baridi, na ingefaa tupime upya jua likirudi. Alipaswa kuniambia, alisema. Tukagawana kosa, yeye akachukua dogo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeirudisha kumbukumbu tulipoiweka Machi, na chipu nimeishusha hatua moja zaidi. Nikaipima katikati ya mchana, chumba kikiwa kwenye joto lake la juu, saa nzima, si nusu. Safi. Nikapima tena. Safi.

Hesabu mpya, pamoja na fremu za kuchora upya: tarehe kumi na sita Mei.

Sikula. Mama hakuuliza. Alikaa kando yangu kidogo, akanisugua mgongo, akaondoka bila kuitaja benki, na huko kutoitaja nilikusikia kwenye nyumba nzima.

Jumamosi, 26 Aprili

Kilichobaki kuchorwa, ukiacha fremu za kurudia, ni mwanzo. Niliuacha mwisho kwa sababu ndio mzito: mwanamke amekaa dirishani, mvua inateremka kwenye kioo, mwanga unavunjika katika kila tone. Nusu dakika kasoro kidogo. Hafanyi kitu, anatazama tu. Ndiyo sehemu niliyoiwaza kwanza, na ninaipenda kuliko zote. Kioo kinakula kadi. Fremu moja ya pale inachukua muda wa fremu mbili za kwingine.

Leo nilimwonyesha Shangazi filamu yote kwa mara ya kwanza, sehemu zilizochorwa na mwanzo ukiwa bado michoro ya kijivu tu. Alivuta kiti. Alitazama dirisha. Alitazama dirisha zaidi. Akageuka kunitazama.

"Huyu anasubiri nini?" alisema. "Maji yanaingia ndani, yeye anaangalia nje."

Nikamweleza kwamba ni upweke. Alikubali kwa kichwa, kwa adabu sana. Kisha cherehani ilipoanza kuhama na tone kuifuata, alisahau adabu. Aliinama mbele. Alianza kumwambia mwanamke wa filamu aende kulia, si hapo, kulia, huko ndiko linakodondokea. Tone lilipomkuta alilitukana kwa jina la mtu. Filamu haina sauti. Niliitengeneza iwe kimya, kwa sababu mimi ni kimya na nilidhani kimya ni kitu kikubwa. Nilikuwa naitazama filamu yangu ikizungumza kwa mara ya kwanza.

Nilimwomba aruhusu niirudishe mwanzoni, na nikaweka simu mezani irekodi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeukata mwanzo. Filamu sasa inaanzia kwenye tone la kwanza. Sauti haihitaji kadi, haihitaji megahezi hata moja. Kwa hesabu mpya namaliza tarehe sita.

Nilitegemea kulia nikiukata ule mwanzo. Nilihisi kama nimevua koti lililolowa.

Jumanne, 29 Aprili

Kurekodi tena, kwa sababu kwenye rekodi ya kwanza Mama anasikika akicheka mlangoni. Nimemweleza Shangazi asiseme anavyodhani mtu wa filamu angesema, aseme anavyosema. Akauliza kuna tofauti gani. Tumeondoa majina ya wachumba.

Jumapili, 4 Mei

Mtoto ana sabini na tano, jua kali, fremu safi. Nazitazama sasa zote, moja moja.

Jumatano, 7 Mei

Fremu ya mwisho imetoka jana usiku. Leo nimeunganisha picha na sauti, nimetuma, siku mbili kabla. Baadaye nilirudisha kistari cha mwendo kwenye namba ya kiwandani. Hakuna kilichonilazimisha, niliona tu kadi imefanya kazi ya kutosha. Feni zilishuka zikawa za kunong'ona. Shangazi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani akauliza kama amekufa. Nikamwambia amelala.

Jumanne, 13 Mei

Kimya. Fundi wa mabati amepanda kwa Shangazi. Rafiki wa Mama amepiga simu kuuliza kuhusu kile kiti. Mama alimwambia asubiri mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 15 Mei

Nilikuwa naoga. Simu niliiacha juu ya cherehani ya Shangazi, na niliisikia ikiita kupitia ukutani, na nikasikia ameipokea. Nilifunga maji. Alikuwa anaigombeza kola fulani na hakuacha kwa sababu tu ameshika simu, alisema "Subiri wewe, bado sijamalizana nawe," kisha "Haloo."

Halafu akasema, kwa mshangao, ndiyo, ni mimi. Halafu akacheka. Akaniambia baadaye kwamba mwanamke wa upande wa pili, kabla hajajitambulisha, alipiga kelele kuwaita wenzake: ndiye yule wa tone, ndiye huyu, njooni mmsikie.

Nilitoka na taulo, sabuni bado mkononi, nikasimama mlangoni. Shangazi aliniona. Alininyooshea kiganja ningoje. Alikuwa anawaeleza kuhusu paa lake, kwa urefu, na tofauti ya mabati ya zamani na ya sasa, na mimi nilisimama pale maji yakinitiririka miguuni, nikijaribu kusoma maisha yangu usoni mwa mtu anayezungumzia misumari. Mama alitokea nyuma yangu, akanishika kiwiko.

Hatimaye Shangazi aliwaaga, aliwaaga mara mbili, akaweka simu chini, akaitwaa kola yake.

"Wanakutaka uanze Jumatatu," alisema. "Nimewauliza kama huko kazini kuna joto la kukaushia, wamesema wana viyoyozi. Chukua sweta."